Walisema Nakato Aliwasha Jiko

Nina miaka arobaini na tisa, shahada ya fasihi, talaka moja, magoti mawili yasiyoelewana, na kiatu kimoja kikuukuu cha kazi ambacho sikivai. Mkasa wangu ulianza na kiatu hicho.

Ninawaandikia ninyi mnaosoma mikasa ya wenzenu huku mkitikisa vichwa. Nilikuwa mmoja wenu. Nilikuwa nikimaliza kusoma, nakunja ukurasa, nasema, "Sasa huyu naye, kwani alikuwa haoni?" Basi leo ni zamu yangu. Tikiseni, lakini someni hadi mwisho.

Nilizaliwa Kinangop, Kenya, ambako baridi huingia nyumbani bila kubisha hodi, kama mtu wa ukoo. Kwa miaka mingi niliandika makala katika gazeti dogo lililosomwa na watu wachache waliokasirika haraka. Gazeti likafa. Nikabaki na maoni mengi na pa kuyapeleka sina. Binti ya shangazi yangu aliyekuwa Dubai akanitafutia kazi ya ulinzi, na nilipofunga sanduku niliacha sweta zangu zote nyumbani. Nani hubeba sweta kwenda jangwani?

Mjinga huyo nilikuwa mimi…

Kampuni ilinipeleka kulinda kambi ya majira ya baridi, nje kabisa ya mji, mahali ambapo lami inaisha na gari linaanza kuogelea mchangani. Kama hujakaa huku hutajua: joto kali likishapita, familia za wenyeji wenye uwezo huhamia jangwani. Hupiga mahema makubwa, hutandika mazulia, huwasha moto wa kuni, hupika na kupokea wageni wiki baada ya wiki. Wanaifuata baridi kwa hiari yao. Sisi tuliajiriwa kusimama nje ya hema tukiishuhudia.

Na ni baridi kweli. Jua likizama, jangwa hupoa kama sufuria iliyoepuliwa. Alfajiri unaiona pumzi yako mwenyewe ikikutoka, na unajiuliza kama itarudi.

Makazi yetu yalikuwa trela. Nyumba ya bati juu ya magurudumu, nyembamba na ndefu, yenye mlango mmoja na dirisha moja la kusukuma kando. Darini palikuwa na tundu la hewa, lakini lilizibwa kwa rangi na mchanga zamani kabla yetu. Mchana bati lile lilitupika, usiku lilitugandisha.

Nikisema "tulilala" humo msifikiri tulilala pamoja. Mimi nilikuwa wa zamu ya mchana, mwenzangu wa zamu ya usiku, na godoro lenye heshima lilikuwa moja. Nikiamka mimi, anaingia yeye. Blanketi letu halikuwahi kupoa.

Mwenzangu aliitwa Nakato. Mganda kutoka Masaka, pacha mdogo, kijana wa kuweza kuwa binti yangu. Alikuwa mcheshi na mkaidi kwa kiasi kilekile, na aliimba muda wote, hata akifua soksi. Aliniita Prof. Mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa kejeli, mwishoni kwa yote mawili.

Aliyetuletea hita ya gesi ni msimamizi wetu, Meshack. Huyu lazima niwaeleze vizuri. Alikuwa Mkenya mwenzangu, wa kaunti yangu, na siku za mapumziko tulisali pamoja katika ukumbi wa kukodi. Yeye ndiye aliyeongoza maombi ya wagonjwa. Nilimwita Brother, akaniita Sista. Alipoona tunavyotetemeka alifika na hita ile ya umbo la kabati, ambayo mtungi wake unakaa ndani kwa nyuma. Siku hiyo nilimwombea baraka kwa sauti. Tangu hapo nimekuwa nikimwomba Mungu, zile baraka, kama bado hazijatumika, azirudishe.

Mimi hita haikunidanganya. Kwetu Kinangop kila mtu ana jirani aliyelala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikiwa mtoto niliwaona wa kwetu wakitolewa wamefunikwa mashuka, na jiko limesimama katikati ya chumba kama halijui lolote. Kwa hiyo jiko tunaliogopa. Lakini gesi? Watu wengi huiona gesi ni safi kwa sababu haina moshi. Ndipo wanapoangamia. Moto wowote unakula hewa, na hewa ikipungua unaanza kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu mnayoijua, ya mtungi unaovuja, ni jambo jingine. Hii hainuki kabisa.

Basi nikaweka sheria. Dirisha libaki wazi upana wa ngumi. Hita ikae mbali na pazia. Na kabla ya kulala, zima.

"Prof," Nakato akasema, "mimi natoka kwa baridi usiku mzima. Nakuja kulala, wewe unaniambia niite baridi ndani? Bannange, jamani! Utaniua kabla ya hiyo gesi yako."

Asubuhi moja akalifunga dirisha. Nilirudi kuchukua kofia nikamkuta ameketi kitandani, kichwa mikononi, anasema ana malaria. Nikamtoa nje nikamkalisha mchangani. Haukupita muda mrefu, kichwa kikaacha kuuma na akauliza kama kuna chapati.

"Malaria gani hii inayotibiwa na mlango?" nikamuuliza.

Sikungoja jibu. Nilichukua kiatu changu kikuukuu cha kazi, kile kizito chenye chuma puani, nikakichomeka katika nafasi ya dirisha, soli ikitazama nje, ili dirisha lisiweze kufungika tena. Nakato alicheka mpaka akashika mbavu. Kuanzia siku hiyo kila akiingia alikisalimia: "Good morning, Sir Kiatu." Alikisalimia, ila hakukiondoa. Hilo tulielewana.

Sasa niwaeleze kuhusu jiko.

Mwenye kambi alikuwa na mama yake mzazi, ambaye sisi tulimwita Bibi. Bibi alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana wa kuolewa, na Kiswahili chake hakukiacha njiani. Alitugundua siku alipotusikia mimi na Nakato tukizozana juu ya ugali. Tangu hapo hatukuwa na amani wala upweke. Alituita kila saa, kwa sababu wanawe walijua Kiswahili cha kuombea chakula tu.

Bibi alikuwa na kifua kibovu. Madaktari na wanawe walimkataza moshi wa makaa katakata. Na kitu kimoja alichokitamani duniani kilikuwa kahawa ya makaa.

Nakato alikuwa na jiko dogo la udongo alilonunua sokoni Al Ras, kule mjini, la kuchomea mahindi hapo nje. Bibi akaliona. Akaliazima. Halikurudi. Walinzi na madereva wote waliendelea kuliita jiko la Nakato, lakini lilikuwa limehamia nyuma ya hema la Bibi, chini ya gunia, na kila asubuhi mimi ndiye niliyekwenda kumwashia hapo nje, upande ambao wanawe hawaoni.

"Kahawa ya gesi nayo kahawa?" alikuwa akiniambia. "Yale maji ya moto yana huzuni, mwanangu. Lakini ukimwambia mwanangu, sikusamehe duniani wala akhera."

Nikaapa. Mkristo wa Kinangop, nimechuchumaa jangwani, namwapia bibi wa Kiislamu juu ya birika la kahawa. Ndivyo maisha yangu yalivyokuwa yamefika.

Kosa lilikuwa soli. Nimeishi huku muda wa kutosha kujua kwamba kumwonyesha mtu soli ya kiatu chako ni kumtukana, na bado sikufikiri. Nilisomea ishara na maana chuo kikuu, jamani… Njia ya kuingia kwenye hema la wageni wa kiume ilipita mbele ya trela letu. Kila mgeni mheshimiwa aliyekuja kunywa kahawa alipokewa kwanza na soli ya kiatu changu dirishani. Mzee mmoja akamuuliza mwenye kambi, kwa upole, kama walinzi wake wana neno naye. Malalamiko yakampata Meshack kwa simu.

Meshack akaja asubuhi yake, mapema. Mimi nilikuwa nyuma ya hema la Bibi nawasha jiko. Nakato alikuwa ametoka zamu na amekaa jikoni kwa wapishi, anakunywa chai. Trela lilikuwa tupu. Meshack akang'oa kiatu, akakitupa mchangani, akasukuma dirisha, na kwa kuwa lilikuwa na tabia ya kufunguka kwa upepo akalizungushia tepu pana ya rangi ya fedha kwa nje. Akaona na fremu ya mlango ina nyufa pembeni, akaziziba pia, ili vumbi lisituingilie. Kisha akaenda zake kukagua kambi nyingine. Hakumwambia mtu; haya yote niliyajua baadaye.

Namkubalia jambo moja: hakutaka kumuumiza mtu. Alitaka kuokoa mkataba. Labda hata alidhani anatufanyia hisani.

Nakato akaingia. Mlango uko upande wa pili wa dirisha, na pazia lilikuwa limeshushwa kama kawaida yetu, kwa hiyo hakuona kitu. Akawasha hita. Alikuwa amechoka…

Mimi nilikaa na Bibi, nikamimina kahawa, nikasikiliza habari za harusi yake kwa mara nyingine, nikaenda getini, nikarudi kumwongezea makaa. Jua likaanza kuwa kali. Nikakumbuka miwani yangu iko trelani.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kiatu mchangani. Nikakasirika. Nikasema, huyu msichana leo atanijua. Kisha nikaona tepu ikimetameta juani kuzunguka dirisha lote, na magoti yangu yasiyoelewana yakaelewana kwa mara ya kwanza. Nilikimbia.

Mlango ulikataa, nikauvuta kwa mikono miwili. Joto likanipiga usoni. Hita ilikuwa inawaka kwa utulivu, moto wake wa manjano. Nakato alikuwa nusu kitandani, nusu sakafuni, kama aliyejaribu kwenda mlangoni akasahau alikokuwa akienda. Nilimwita. Nikamshika makwapani nikamburuta hadi nje, visigino vyake vikichora mistari mchangani. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

Mwenye kambi, ambaye sote tulimwita Sir, alitoka peku. Hakuuliza swali. Alimbeba, akamweka ndani ya gari lake, akasema, "Yalla, yalla," tukaruka matuta ya mchanga hadi barabarani. Nilikuwa nyuma nimekipakata kichwa cha Nakato. Nilimwambia mambo ya kipumbavu. Nilimwambia asipoamka nitaimba mimi, na anajua sauti yangu ilivyo.

Hospitalini wakamwekea hewa ya oksijeni. Daktari aliniuliza nani aliyefungua mlango. Nikasema mimi. Akanishika bega, akaondoka.

Nakato akaishi. Mkasa ungeishia hapo, tungemshukuru Mungu na kununua hita ya umeme.

Nilirudi kambini alasiri. Trela lilikuwa wazi linapepewa. Dirishani hapakuwa na tepu. Hita haikuwepo. Na katikati ya sakafu, mahali hasa pa hita, kulikuwa na jiko dogo la udongo lenye majivu.

Nilisimama pale nikiliangalia. Lilisimama kama lile la majirani zetu, kama halijui lolote.

Meshack alikuwa nje, ameegemea gari lake.

"Sista," akasema, "tumshukuru Mungu. Ako hai."

"Hita iko wapi, Brother?"

"Hita gani?"

Nikamtazama. Akaangalia pembeni, kisha akashusha sauti ile aliyotumia kuombea wagonjwa.

"Wacha nikueleze vile mambo iko. Hii kampuni hairuhusu hita ya gesi ndani ya trela. Mimi niliwaletea kwa roho safi, unajua. Ikijulikana, mimi nimeisha, na wewe uko nyuma yangu. Lakini jiko… watu wote wanajua sisi na majiko yetu. Na hili nimeokota nyuma ya mahema ni la Nakato, kila mtu hapa amemwona nalo. Hakuna mtu atauliza mara mbili."

"Na Nakato?"

"Watamrudisha kwao. Bado ni msichana mdogo, atapata kazi ingine. Si bora ako hai?"

Nikageuka kulitazama jiko. Akadhani nakubali.

"Halafu kuna nafasi ya mapokezi," akaendelea, "jengo moja huko Jumeirah Lakes Towers. Ndani kuna joto, kiti ni ile ya kuzunguka, kahawa ni ya mashine. Mtu wa digrii kama wewe unafanya nini kwa mchanga? Nimekuwa nikiomba juu ya hiyo kitu. Naona imejibiwa."

Nitawadanganya nikisema sikukifikiria kile kiti. Nilikifikiria. Magoti yangu yalikifikiria zaidi. Na kulikuwa na jambo jingine lililonifunga mdomo: ili niseme jiko halikuwa trelani, ni lazima niseme lilikuwa wapi. Lilikuwa kwa Bibi, na mimi niliapa.

Kesho yake niliruhusiwa kumwona Nakato. Alikuwa ameketi, uso umevimba, macho mazito. Aliponiona akaanza kulia.

"Prof, ni mimi niliwasha jiko?"

"Nani amekuambia?"

"Brother Meshack. Alikuja asubuhi, tukaomba. Anasema nililileta ndani sababu ya baridi. Anasema Mungu anasamehe." Akashika kichwa. "Mimi siwezi kukumbuka. Nakumbuka chai. Halafu naona hii taa. Katikati hakuna kitu. Labda ni mimi, Prof. Baridi ilikuwa mingi. Nitasema pole. Nikisema pole watanisamehe?"

Wasomaji wenzangu, nimesalitiwa na mume. Nimesalitiwa na mhariri. Nilidhani usaliti naujua kona zote. Lakini mtu kuingia katika kichwa cha mgonjwa, akakuta mahali palipobaki wazi, na kuweka humo kosa lake mwenyewe… tena kwa maombi? Nilikaa kitandani pale nikamwambia, "Si wewe." Akauliza tena. Nikamwambia tena. Nikaona hanisadiki, kwa sababu mimi nilikuwa rafiki tu, na yule alikuwa amefunga macho na kumtaja Mungu.

Hapo ndipo kile kiti cha kuzunguka kilipotoka kichwani mwangu. Sikukisukuma. Kilitoka chenyewe.

Nilirudi moja kwa moja kwa Bibi. Nilimkuta amenuna, kikombe cha kahawa ya gesi kimepoa mbele yake.

"Wee," akasema kabla sijaketi, "jiko langu li wapi? Tangu jana nalitafuta, na mtu wa kumuuliza sina."

Nikamweleza yote. Kiatu, tepu, hita, jiko sakafuni, Nakato anayetaka kuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Bibi alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Na leo anakuja nani?" akauliza.

"Afisa wa uchunguzi, mchana, na mtu wa kampuni. Meshack atakuwepo."

"Nipe mtandio wangu ule mweusi."

"Bibi, nilikuapia…"

"Uliapa wewe usimwambie mwanangu. Mie sikuapa." Akanyoosha mkono nimwinue. "Yule mtoto ndiye aliyenikanda miguu msimu mzima. Kwetu nimekua nikiona watu wakisingiziwa hivihivi, mtu hana wa kumsemea, basi. Haya, twende."

Walikuwa wamesimama mbele ya trela. Afisa, mtu wa kampuni na Sir, na Meshack akiwaonyesha jiko kwa uso wa mtu anayezika. Alikuwa anasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba amekuwa akiwaonya wasichana hawa kila siku kuhusu tabia hii waliyotoka nayo kwao.

Bibi akatembea polepole hadi katikati yao, mkono wake umenilemea. Akaletewa kiti, akakikataa. Akazungumza na mwanawe kwa Kiarabu, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Nilielewa neno moja moja: kahawa, asubuhi, makaa. Nilimwona Sir akigeuka kumtazama mama yake, kisha jiko, kisha mama yake.

Kisha Bibi akamgeukia Meshack na kumzungumzia kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa.

"Jiko hilo langu. Jana asubuhi lilikuwa mbele yangu, nanywa kahawa, na moto wake nauona, mpaka nilipomsikia huyu mlinzi akipiga ukelele. Wakati huo mwenzake keshaanguka humu ndani. Sasa hebu niambie, limeingiaje humu? Limeota miguu?"

Meshack akainama, akaanza kupangusa vumbi kwenye viatu vyake.

"Mwizi wa jiko," Bibi akasema. "Uzee wote huu, sijapata kumwona."

Afisa akaniuliza kama nina la kusema. Nililo nalo lilikuwa refu, lakini nilifupisha, jambo ambalo mhariri wangu wa zamani hangeliamini. Nikamwonyesha gundi ya tepu iliyobaki kwenye fremu ya dirisha, na zile nyufa za mlango zilizokuwa bado zimezibwa, kwa kuwa Meshack alizisahau. Nikamwonyesha kiatu, ambacho hakuna aliyefikiria kukiokota. Nikasema kiatu ni changu, soli nilielekeza nje mimi, na kwa hilo naomba radhi kwa kila mgeni. Kwa mengine sina radhi ya kuomba. Hita ilipatikana baadaye, stoo ya kampuni, nyuma ya masanduku ya sare.

"Sista, umenimaliza," Meshack aliniambia walipokuwa wanaondoka.

"Kiatu ningekusamehe, Brother," nikamjibu. "Jiko, hapana."

Nyuma yetu Sir alikuwa anamwambia mama yake, kwa unyonge wa mtoto, "Yumma, makaa?" Na Bibi anamjibu, "Makaa. Na kesho pia."

Mnataka kujua haki ilivyotendeka? Shutuma dhidi ya Nakato zilifutwa, akabaki na kazi yake na jina lake. Sir akaweka umeme na hita nzuri katika trela, na tundu la darini likazibuliwa. Meshack alihamishwa. Nasikia yeye ndiye aliyekalia kile kiti cha kuzunguka. Mimi nilipata sifa ya mtu wa maneno mengi, na msimu ulipokwisha niliambiwa khalas, hawanihitaji. Siku hizi niko Al Ras, katika duka la viungo, naandika vibandiko vya iliki na kuwajibu wateja wa mbali kwa Kiingereza cha shahada. Nanuka karafuu hadi kwenye nywele. Na ningerudishwa siku ile, ningefanya vilevile, isipokuwa kiatu.

Nakato naye ameacha ulinzi, anafanya kazi mkahawani. Anaimba bado. Ila hufika katikati ya wimbo akasimama, ametafuta neno hakulipata, anacheka na kuanza mwingine. Daktari anasema maneno labda yatarudi, labda hayatarudi. Na mara kwa mara, hasa baridi inapoanza, hunipigia simu na kuniuliza lilelile.

"Prof, kweli si mimi?"

"Si wewe."

Nitamjibu hivyo kila atakapouliza, hata akiuliza hadi meno yanitoke.

Kwa hiyo, ewe unayesoma hii ukiwa trelani, au kibandani, au katika chumba ambacho mmejipanga kama vitabu, sikiliza. Usilale na hita ya gesi ikiwaka, hata uwe umechoka vipi. Inapowaka, acha hewa ipite, hata kama baridi inaingia nayo. Baridi itakutetemesha tu. Moto ukiwa wa manjano badala ya buluu, zima. Ukiumwa kichwa ndani na kikapona ukitoka nje, si malaria na si mafua: toka, na umtoe mwenzako. Mwambie kila anayegusa dirisha lenu kwa nini liko wazi. Sikumwambia Meshack. Hilo nalibeba. Na likitokea la kutokea, kisha aje mtu wa dini yako, wa kabila lako, wa kaunti yako, akwambie kwa sauti ya upole useme uongo mdogo juu ya aliyelala hospitalini… usikae kwenye hicho kiti. Kataa. Utapoteza kazi, ndiyo. Mimi nimepoteza, na bado nakula.

Wenzangu chumbani hapa Al Ras wanalalamika. Wanasema vumbi linaingia, kelele za mikokoteni zinaingia, paka anaingia. Kila jioni mmoja wao husimama mbele ya dirisha na kunitazama. Nami namwambia apumzike, dirisha hili halifungwi.

Kiatu kiko pale. Soli nimeielekeza ndani, kwa sababu hata mimi hujifunza. Lakini hakitoki.